Daraja la Ghorofa ya Tatu

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa kumi alasiri, Benedicta aliingia chumba namba 314 na taulo mbili, kiti cha kuogea chenye magurudumu, na kishikwambi cha kazi kikimning'inia shingoni. Nje, North York, kaskazini mwa Toronto, ilikuwa imeganda tangu Jumapili. Aligusa jina la Bi Sumie kwenye kioo, na dakika zikaanza kuhesabika.

Kishikwambi kilitoa dakika kumi na mbili kwa kila mzee. Ndani ya hizo ilibidi umvue, umkalishe, umwoshe, umfute, umvike na umrudishe kitandani. Dakika ya kumi na mbili ikitimia, jina linageuka kijani lenyewe na pembeni yake panaandikwa Ameogeshwa, hata kama mwenyewe bado ana povu masikioni; na usipoligusa jina linalofuata, linaanza kuhesabiwa lenyewe. Jumatatu kulikuwa na kuoga kwa pili, kwa kitambaa chenye unyevu, dakika nne, na jina likageuka kijani vilevile. Ukikiamini kishikwambi, Toronto nzima hapakuwa na wazee wasafi kama wa ghorofa ile ya tatu.

Benedicta alikuwa muuguzi mkunga kule Karagwe kwa miaka kumi na saba. Vyeti vyake vilikuwa vikisomwa na wahusika wa Toronto, mwaka wa tano sasa, na inaonekana wahusika hao ni wasomaji wa polepole. Wakati anasubiri wamalize, alikuwa akitoka Parkdale kila asubuhi kwa tramu, treni na basi, kuja kuogesha wazee kwenye nyumba hii ya kutunzia wazee. Hakuona haya. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua.

Bi Sumie alikuwa na miaka tisini na mitatu na kilo thelathini na nane. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa pwani huko Japani, ambako mama yake alikuwa mtunza taulo kwenye bafu la chemchemi za maji ya moto. Alikuja Kanada akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na minne. Mume alishafariki, mtoto hawakujaliwa, na kulikuwa na mpwa huko Vancouver aliyetuma kadi. Katika jengo zima yeye pekee ndiye aliyemwita Benedicta kwa jina lake lote. Wengine walikata na kubakiza kipande.

Kila Alhamisi aliuliza swali lilelile. "Leo nitakaa ndani ya maji?"

"Leo hapana, Bibi."

Sinki kubwa la kuogea kwa kukaa lilikuwepo, kwenye bafu la mwisho la ukumbi, lakini lilifungwa miaka minne iliyopita na sasa lilihifadhi katoni za glavu na nepi za watu wazima na mti wa Krismasi. Bi Sumie alitaka kukaa kwenye maji ya moto mpaka shingoni, mara moja, kabla hajafa. Hakutaka kingine. Kufa alikutaja kama mtu anayetaja basi analotakiwa kuliwahi.

Siku hiyo glavu zilikuwa zimekwisha. Benedicta alimsukuma Bi Sumie hadi bafu la mwisho ili achukue glavu kwenye katoni, akafungua mlango. Katoni zilikuwa zimepangwa kushoto kama kawaida, na mti wa Krismasi ulikuwa umeegemea ukuta. Mahali pa sinki palikuwa na bahari. Karibu zaidi palikuwa na kisiwa kidogo cha misonobari, na sakafu ya bafu iliendelea moja kwa moja mpaka kwenye mawe yake.

"Ni kisiwa chetu," alisema Bi Sumie. "Tumeingilia mlango wa nyuma."

Benedicta alifunga breki za kiti, akarudi chumbani kuchukua koti na kofia ya mzee, kisha mkoba wake mwenyewe. Kule kisiwani kulikuwa tayari Ijumaa, alfajiri, kama nusu saa kabla jua halijachomoza. Baridi ilikuwepo, ila ya kiasi tu, si ya North York.

Kagendo, mfanyakazi mwenzake kutoka Meru, alikuwa akipita na toroli la chai.

"Dada Beni, si hiyo bafu ilifungwa kitambo?"

"Imefunguka."

"Na ni nini inanuka chumvi hivyo?"

"Bahari."

Kagendo alichungulia, akatazama mawimbi, kisha akatazama saa ya ukutani. "Sawa basi. Ukichelewa nitawapatia wazee wako chai. Lakini ujue Melissa ako kwa ofisi leo."

Benedicta alitaka kwenda moja kwa moja kwenye moshi uliokuwa ukipanda ufukweni ng'ambo ya kisiwa, kwa kuwa moshi ule ulikuwa wa maji ya moto na dakika zilikuwa zikienda. Bi Sumie alikataa. Kwanza wampigie hodi mwenye kisiwa, alisema; hata kule kwenu si ndivyo? Benedicta alikubali kwamba hata kwao ndivyo.

Mwenye kisiwa alikaa kwenye hekalu dogo la mbao, juu ya ngazi arobaini na moja za mawe, nyuma ya lango jekundu la nguzo mbili. Kanuni za nyumba zilisema mzee hanyanyuliwi ila kwa mashine na watu wawili. Mashine ilikuwa kwenye chaji. Benedicta alitoa khanga mkobani, akachuchumaa, akamfunga Bi Sumie mgongoni kwa mbeleko, fundo kifuani, akapanda. Alishabeba mikungu ya ndizi mizito kuliko hiyo kabla hajavunja ungo.

Juu kulikuwa na birika la jiwe lenye maji na kata ya mwanzi. Kutoka mgongoni Bi Sumie alinawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akasukutua. Benedicta alichovya vidole viwili akafanya ishara ya msalaba. Mkono ulimaliza kabla kichwa hakijauliza. Ndivyo alivyofanya kila alipoona maji mlangoni pa nyumba ya ibada tangu akiwa na miaka minne.

"Mwenye nyumba haijui hiyo," alisema Bi Sumie sikioni mwake, "lakini ataona umejitahidi."

Bi Sumie aliinama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena, na kwa kuwa alikuwa amefungwa mgongoni, Benedicta naye aliinama mara zote tatu. Kisha Benedicta akakumbuka kwamba hajaja na kitu. Hakuzoea kuingia kwa mtu mikono mitupu. Mkobani alikuwa na kikopo cha senene aliotumiwa na dada yake kutoka Bukoba, wale wa kukaanga, akamimina kiasi kwenye kifuniko na kukiweka karibu na sanduku la sadaka.

Bi Sumie alinyoosha shingo. "Panzi."

"Senene."

"Mama alikuwa akiwapika na sukari na mchuzi wa soya." Aliomba wawili, akawatafuna polepole kwa meno manne aliyokuwa nayo. Walipokuwa wanaondoka kifuniko kilikuwa kitupu, kimeoshwa na kugeuzwa juu chini kikauke. Benedicta akakirudisha kwenye kikopo.

Kutoka kisiwani kwenda ufukweni kulikuwa na daraja jembamba la saruji lenye vyuma pembeni. Kwa mazoea ya kazi Benedicta alilipima kwa saa yake: dakika kumi na moja kwa mwendo wa kiti cha magurudumu. Upande wa pili kulikuwa na uzio wa mianzi, na nyuma ya uzio, kati ya miamba na bahari, bwawa la mawe linalofuka mvuke. Mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa akikunja taulo. Aliwaonyesha vigoda vifupi na ndoo za mbao, akaendelea kukunja.

"Uchafu unauacha hapa nje," Bi Sumie alifundisha. "Mule ndani unakwenda kukaa tu."

Basi Benedicta akamkalisha kwenye kigoda, akavaa glavu za buluu alizotoa kwenye katoni, akapiga magoti, akaanza na uso, alivyofundishwa. Bi Sumie akamshika kifundo cha mkono.

"Vua hizo."

"Ni kanuni, Bibi."

"Miaka minne mimi sijaguswa na mtu. Nimeguswa na mpira."

Benedicta alikuwa mtu wa kujivunia mikono yake. Kuna watoto zaidi ya elfu mbili Karagwe waliopokelewa nayo, na hakuna hata mmoja aliyedondoka. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka kwenye masikio. Akavua glavu. Mwanamke wa taulo alimsogezea kikapu, Benedicta akaziweka humo, na yule mwanamke akazikunja pamoja na taulo.

Akamwosha upya kwa mikono mitupu, kuanzia usoni. Ngozi ya Bi Sumie ilikuwa nyembamba na laini, na chini ya ziwa la kushoto kulikuwa na kovu ambalo Benedicta alikuwa ameliona Alhamisi mia na zaidi lakini hakuwahi kujua kwamba lina ukingo. Hakuharakisha. Kishikwambi alikuwa amekiacha kwenye mkoba, na kama kililia, hakikusikika kwa mawimbi.

"Sasa geuka," alisema Bi Sumie. "Zamu ya mgongo wako."

"Bibi, siwezi kuogeshwa na mtu mwenye umri wa bibi yangu."

"Mgongo haufikiki na mwenyewe. Ndiyo maana tuko wawili. Vua."

Benedicta alikuwa na miaka arobaini na sita. Mara ya mwisho kuoshwa na mkono wa mtu mwingine alikuwa hajaanza shule, nyuma ya nyumba, na mama yake alikuwa na haraka ya kwenda shambani. Alivua sare, akageuka, na mikono miwili isiyo na nguvu ikamsugua mgongo kutoka bega hadi bega, ikarudi, ikasugua tena. Alilia. Alilia vizuri, bila kujibana, na Bi Sumie akammwagia ndoo ya maji kichwani ili asipate kazi ya kufuta machozi.

Kisha wakaingia. Bi Sumie alikaa kwenye maji mpaka shingoni, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu ambayo ni kama alikuwa ameishikilia tangu siku aliyohamia North York. Jua lilichomoza nyuma ya kisiwa.

Waliporudi ghorofa ya tatu ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Benedicta alikuwa na wazee tisa kwenye orodha yake. Wanane hawakutoka vitandani. Kagendo aliwapa chai. Kwenye kishikwambi wote tisa walikuwa kijani.

Kesho yake Melissa, meneja, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bakuli la pipi mezani na alizikumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote. Alisema fundi ameona chumvi kwenye magurudumu, na akauliza bafu lile la mwisho lina nini. Benedicta alimweleza kila kitu, na senene pia. Melissa aliandika.

"Tatizo ninaloliona ni tarehe," alisema. "Umemwogesha Ijumaa. Ratiba yake ni Alhamisi. Mfumo hauwezi kuipokea."

"Na kile kijani kilichopo ni cha nini?"

"Cha Alhamisi."

"Alhamisi hakuoga, Melissa."

"Mfumo unasema alioga," alisema Melissa kwa upole, akamsogezea pipi.

Alhamisi iliyofuata kisiwa kilikuwepo. Benedicta alikuwa ameshaamua. Aliwapeleka wote tisa, kwa safari kadhaa, yeye akisukuma viti viwili na Kagendo, ambaye hakuombwa, akisukuma vingine. Kagendo alisema yeye kwa maji haingii, nywele ametengeneza juzi, lakini miguu alitumbukiza. Ikawa hivyo wiki tatu. Wazee wakaanza kulala bila vidonge. Mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu majani ya miti yadondoke, kabla ya baridi, aliomba taulo jingine, kwa sauti, na akasema tafadhali. Wakati wa chai watu wa ghorofa ya tatu walinukia chumvi na kuongea kwa kukatizana.

Wiki ya nne Melissa alikuja mwenyewe. Alivaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, akaenda na gurudumu la kupimia, akapima daraja kwenda na kurudi. Alisimama kidogo akitazama kisiwa.

"Ni pazuri sana," alisema, na alimaanisha.

Jumatatu picha ya kisiwa ilikuwa kwenye kipeperushi cha nyumba, chini yake maneno kwamba hapa wazee wana chemchemi zao. Jumanne kukaja viti vipya vyenye mota. Jumatano Melissa akawakusanya wafanyakazi akaeleza utaratibu. Safari ya zaidi ya dakika kumi na mbili ni matembezi ya nje, na matembezi ya nje yanataka basi, wauguzi wawili na saini za ndugu. Kwa hiyo kuoga kutaendelea kuwa dakika kumi na mbili, kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Viti vimepangwa vizuri: dakika ya sita vinajifunga, kisha vinarudi nyuma vyenyewe, mtu asisahau. Na glavu ni lazima, hata kisiwani.

"Daraja peke yake ni dakika kumi na moja," alisema Benedicta.

"Basi inabaki moja."

"Kumi na moja za kwenda, Melissa. Halafu kuna kurudi."

Melissa alifikiri kwa uaminifu. "Watapata upepo," alisema.

Alhamisi ile Bi Sumie alivaa koti lake na kofia. Mwenye kisiwa walimpigia hodi kutoka chini ya ngazi, bila kusimama. Dakika ya sita kiti kilijifunga kwenye daraja, na mbele yao mvuke ulionekana wazi, na uzio, na yule mwanamke wa taulo aliyesimama akiwatazama.

"Benedicta," alisema Bi Sumie. "Nishushe."

Bi Sumie alikuwa hajatembea kwa miaka mitatu. Kanuni zilikuwa ndefu juu ya kuanguka: ni wajibu wa mfanyakazi kuzuia.

"Ukishuka hapa, Bibi, kwenye kiti hiki hurudi."

"Najua."

Benedicta alikuwa amewazuia watu wengi wasianguke, na alijua mtu anayeanguka anafananaje. Huyu hakuwa anaanguka. Alivua glavu, akampa mikono yote miwili, akamwinua. Bi Sumie alisimama, akayumba, akatulia. Akamgusa Benedicta mgongoni mara moja, pale katikati pasipofikika, akashika chuma cha daraja na kuanza kutembea. Nyuma yao kiti kilianza kurudi kikiwa kitupu.

Ilimchukua zaidi ya nusu saa. Benedicta alisubiri mpaka mwanamke wa taulo alipotoka nje ya uzio na taulo limefunguliwa tayari. Alifurahi kwa moyo wake wote, na alijua pia kwamba hakuna tena mtu jengo zima atakayemwita kwa jina lake lote. Kwenye kishikwambi Bi Sumie alikuwa kijani.

Melissa alipeleka fomu ya kuondoka, ikarudi imetiwa saini, ina unyevu pembeni. Kitanda kilishikiliwa siku saba kama ulivyo utaratibu. Siku ya nane chumba 314 alipewa Mzee Alnasir, miaka themanini na minane, aliyezaliwa Mwanza na kuishi Mississauga kwa mwanawe mpaka ngazi za nyumba zilipomshinda.

"Shikamoo, Mzee," alisema Benedicta.

Mzee Alnasir aligeuza kichwa taratibu. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alifuta macho kwa leso. "Wajukuu wangu Kiswahili wanasikia, lakini wananijibu kwa Kiingereza. Hiyo salamu sijaiitikia siku nyingi."

Alhamisi saa kumi alimpeleka. Mzee Alnasir aliisifu bahari, ingawa alisema ziwa lao la Mwanza ni kubwa zaidi. Darajani aliona mvuke, na ndani ya mvuke kichwa kidogo cheupe juu ya maji, na mkono ulioinuliwa.

"Nani yule?"

"Mwenye kitanda chako, Mzee."

"Anaoga tangu lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Mashallah. Na sisi tunaingia saa ngapi?"

Kiti kilijifunga. Kilikaa sekunde chache, kikaanza kurudi nyuma. Benedicta aliunyanyua mkono wake akaupungia mvuke, kisha akavua glavu moja, akamshika Mzee Alnasir mkono, akatembea ubavuni mwake mpaka bafuni, katikati ya katoni na mti wa Krismasi. Kishikwambi kililia. Jina likageuka kijani.

"Imekuwaje?" aliuliza Mzee Alnasir.

"Umeshaoga, wanasema."

Alijipapasa shavu, akajipapasa mkono wa shati. "Mbona mimi mkavu?"

Kumfuta kulikuwa kwenye orodha. Benedicta alikunjua taulo, akamfuta mgongo mkavu kwa taulo kavu, polepole, kutoka bega hadi bega, kwa mkono usio na glavu, kisha akagusa jina lililofuata.